Nyumba ya Bibi Yake Padre

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika: waliobatizwa, waliopata Kipaimara, waliofunga ndoa, na waliotutangulia. Nilisomea ualimu, nikamaliza chuo, cheti ninacho. Lakini nafasi ya kufundisha sikuipata, ndipo Paroko aliponiita nishike kalamu ofisini mpaka nitakapoajiriwa. Huu ni mwaka wa tisa na kalamu bado ninayo. Sisemi hivyo kwa kunung'unika. Kazi hii ina mafunzo yake, na wiki haipiti bila mtu kubisha hodi akitafuta cheti chake cha ubatizo, naye hajui alibatizwa mwaka gani wala kigango gani, anajua tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Katika misioni yetu anakaa padre mzee, Mwairishi. Alikuja nchi hii mwaka 1970, akazunguka vigango vyote kwa pikipiki, baadaye kwa gari, na sasa miguu imechoka. Asubuhi baada ya Misa huja ofisini kwangu, huketi kwenye kiti cha mbao kilicho karibu na dirisha, akanywa chai bila sukari. Mimi huniita Mwalimu, ingawa sina hata mwanafunzi mmoja. Leo nataka kukuelezeni habari zake. Si za utume wake, maana hizo mnazijua ninyi mliobatizwa naye, bali za utoto wake. Zilinigusa mahali ambapo sikupenda kuguswa.

Sisi tukisikia Padre Mwairishi tunafikiri mara moja kwamba alizaliwa Ireland. Huyu hakuzaliwa Ireland. Alizaliwa Glasgow, mji mkubwa wa Uskoti wenye viwanda vya meli, mwaka 1943, wakati wa vita. Wazazi wake walikaa vyumba viwili katika nyumba ya ghorofa, choo kimoja kwenye ngazi kwa jamaa watatu. Baba yake alikuwa mchimba mahandaki. Miaka ile Waskoti walikuwa wanatoboa milima ili maji yapite chini na kuendesha mitambo ya umeme, na wanaume wa Donegal walisifiwa sana kwa kazi hiyo ngumu. Kwa hiyo baba alionekana nyumbani mara chache, mshahara ukaonekana mara nyingi zaidi kuliko yeye.

Donegal ndiyo ilikuwa nchi yao. Ni upande wa kaskazini-magharibi wa Ireland, penye mawe na kinamasi na upepo wa Bahari ya Atlantiki. Kijiji chao kilikuwa katika parokia ya Gweedore. Na kila mwaka, shule za Glasgow zilipofungwa mwishoni mwa Juni, mama aliwafunga watoto wake wanne vifurushi, akawapeleka kwa bibi yao, mama yake baba, mpaka Agosti. Baba naye alifika Julai kwa wiki mbili, maana wakati huo viwanda vya Glasgow vilifungwa na mji mzima ulikwenda mapumziko.

Nilimwuliza, "Padre, kwa nini watu wa Donegal walihamia Uskoti, nanyi mlikuwa na nchi yenu?" Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Mnajua viazi mviringo. Sisi tunavipika na nyama, au tunavikaanga, na tukivikosa tuna ugali. Maskini wa Ireland zamani hawakuwa na kingine. Mashamba yalikuwa ya mabwana wakubwa. Mkulima alipanga kipande kidogo, nafaka na mnyama aliyemfuga aliviuza ili kulipa kodi, na tumbo lake likategemea viazi tu. Mwaka 1845 ukaja ugonjwa ulioozesha viazi ardhini. Jioni shamba ni kijani, siku chache baadaye limekuwa jeusi na linanuka. Ugonjwa ukarudi mwaka uliofuata, na tena. Mpaka njaa hiyo ilipokwisha, yapata mwaka 1852, watu kama milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na homa, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbilia ng'ambo. Tena wakati huohuo meli zilikuwa zikipakia nafaka na ng'ombe kutoka bandari za Ireland kwenda kuuzwa Uingereza. Mwaka 1841 watu wa kisiwa kile walihesabiwa kupita milioni 8. Mwaka 1851 walikuwa milioni 6 na nusu tu. Nami nilishangaa kusikia kwamba hata leo, pande zote mbili za kisiwa zikijumlishwa, hawajafikia hesabu ile ya 1841.

Hata njaa ilipokwisha, kuondoka hakukukoma. Mwaka 1861 bwana mmoja mwenye ardhi, John George Adair, aliwatoa watu 244 katika nyumba zao huko Derryveagh, ng'ambo ya milima kutoka Gweedore. Nyumba zikabomolewa, naye baadaye akajijengea ngome kando ya ziwa. Waliokwenda Marekani walifanyiwa kitu ambacho nilipokisikia nilinyamaza. Usiku wa kuamkia safari, jamaa na majirani walikesha naye kama wanavyokesha na maiti, kwa chai, kwa nyimbo na kwa kilio, kwa sababu walijua hawatamwona tena. Nasi tuna matanga yetu, lakini matanga ya mtu aliye hai, ameketi hapo anakula, sijapata kuyaona.

Uskoti ulikuwa karibu zaidi, mtu aliweza kwenda na kurudi. Babu yake Padre alianza mapema. Alipokuwa na miaka kumi alipelekwa kwenye soko la Letterkenny ambako watoto wa maskini walisimama mstari, na wakulima wenye mashamba mazuri wakaja kuwashika mikono kuona kama wana nguvu. Mtoto aliajiriwa miezi sita, toka Mei hadi Novemba, kwa pauni chache ambazo hakuzila yeye. Alipokuwa kijana akavuka bahari kuvuna viazi vya Waskoti. Mwanawe akamfuata njia ileile, akabaki. Ndivyo Padre alivyozaliwa Glasgow.

Sasa nirudi kwenye safari yao ya likizo, maana hapo ndipo mzee wetu husahau chai yake mpaka ikapoa.

Jioni walipanda meli pale mtoni Clyde. Wakati wa kurudi meli hiyo ilichukua ng'ombe wa Ireland, kwa hiyo hata iliposafishwa harufu haikutoka. Watoto walilala juu ya vifurushi, kinamama wakasali Rozari, wanaume wakaimba nyimbo zisizofanana na Rozari. Asubuhi wakaingia mji wa Derry. Kutoka hapo walipanda gari la abiria, na baada ya mwendo mfupi tu gari likasimamishwa na maofisa wa forodha, kwa kuwa kisiwa kiligawanywa mwaka 1921. Derry ulibaki chini ya Uingereza na Donegal ikawa upande wa nchi huru. Mama yake kila mwaka alikuwa na kitu amekificha chini ya watoto. Padre hataki kuniambia ni nini. Anasema amekwisha kukiungama.

Halafu milima, halafu kinamasi, halafu mlima mmoja umechongoka peke yake, Errigal, meta 751, una mawe meupe yanayong'aa hata mgeni akadhani ni theluji. Mtoto wa kwanza kuuona alipewa peremende. Chini yake, kuelekea baharini, ndiko kwa bibi.

Nyumba ilikuwa ya mawe, imepakwa chokaa, paa la majani limefungwa kwa kamba na kamba zimefungwa kwenye vijiwe vilivyotokeza ukutani, la sivyo upepo wa baharini ungaliondoka na paa lote. Taa ilikuwa ya mafuta. Maji ya kisimani. Watoto wa mji wakavua viatu siku ile walipofika na hawakuvivaa tena ila Jumapili. Jua la kwao mwezi Juni na Julai halitui mpaka saa nne za usiku, na watoto wakaruhusiwa kucheza mpaka giza liingie. Fikiri wewe mwenyewe mama mwenye watoto wanne jinsi ilivyokuwa.

Kuni hawana, maana miti ni michache sana. Moto wao ni udongo mweusi wa kinamasi. Wakati wa masika wanaume huukata kwa sepetu nyembamba, vipande vyenye umbo la tofali, wakavianika. Vikianza kukauka husimamishwa vinne au vitano vikiegemeana, upepo upite kati yake. Watoto wa Glasgow walipofika, kazi yao ilikuwa kugeuza vipande hivyo na kuvibeba kwa vikapu mpaka barabarani, nao wakalia migongo. Moshi wake una harufu yake ya pekee. Padre anasema hata leo akifumba macho anaipata, nami nilimwona akifumba macho, na pua zikatanuka kama za mtoto anayesikia mkate.

Kila usiku, baada ya Rozari iliyosaliwa wote wakipiga magoti juu ya sakafu ya mawe, bibi aliyafunika makaa kwa majivu huku akisema sala fupi. Asubuhi aliyafukua, akaongeza vipande viwili vitatu, moto ukawaka bila kiberiti. Alikuwa amefanya hivyo tangu alipoingizwa nyumba ile bi arusi. Moto haukuzimika hata siku moja, wala siku ya kujifungua wala siku ya kumzika mumewe. Yeye asipoweza, jirani alikuja kuufunika.

Bibi yule hakusema Kiingereza ila kidogo cha sokoni. Lugha yake ilikuwa Kiairishi. Wakati wa utoto wa bibi, shule nyingi zilifundisha kwa Kiingereza tu, na watoto wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Gweedore ni moja ya pande chache ambako haikufa, hata leo yasemwa. Padre alijifunza pale mekoni. Siku yake ya kwanza kutumwa dukani peke yake, alikuwa na miaka sita, wazee waliokuwa wameketi pale walimwuliza swali ambalo watu wa kule humwuliza mtoto wasiyemjua: Wewe ni wa nani?

Akajibu jina lake na ukoo, kama alivyofundishwa shuleni Glasgow. Wazee wakacheka sana. Maana Gweedore ukiita Gallagher, au Boyle, au Sweeney, wanageuka watu ishirini. Kwa sababu hiyo mtu hujulikana kwa jina lake, likifuatiwa na la baba yake na la babu yake. Hata majina yao ya ukoo ndivyo yalivyotungwa zamani: Mac maana yake ni mwana wa fulani, na ile Ó maana yake ni mjukuu wa fulani. Utawala wa Kiingereza ulipoenea, makarani walizoea kuikata ile Ó wakiandika majina. (Ndugu zangu makarani, nasi tumo. Mimi mwenyewe nina mzee mmoja katika kitabu niliyemwandika jina la mbuzi kwa sababu sikusikia vizuri.)

Jioni ile bibi alimweka kijana mbele ya moto, akamfundisha kujibu. Wewe ni fulani, wa fulani, wa fulani. Vizazi vitano. Na kila jina lilikuwa na habari yake. Huyu alikula magugu ya baharini wakati wa njaa, akapona. Huyu alikuwamo kanisani Derrybeg tarehe 15 Agosti 1880, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa Mbinguni. Kanisa lilikuwa limejengwa bondeni penye kijito, mvua kubwa ikashuka milimani, maji yakaingia Misa ikiendelea, watu watano wakafa maji. Yeye alipanda juu akiwa amembeba mtoto wa jirani. Kijana alilala akiwa na majina yale kichwani, na siku ya pili akaenda dukani bila kutumwa ili aulizwe tena.

Miaka saba akaenda hivyo, kila kiangazi.

Mwaka 1956 alikuwa na miaka kumi na mitatu. Vijana wa mtaa wao walikuwa wameunda timu ya mpira, yeye ni mlinda mlango, na mashindano yao yalikuwa mwezi Julai. Ninyi hamwijui Glasgow. Timu ya Wakatoliki kule, Celtic, ilianzishwa mwaka 1887 na Bradha mmoja Mwairishi, Walfrid, ili fedha za kiingilio ziwalishe watoto maskini wa mtaani, na kijana Mkatoliki wa mji ule huona mpira karibu kama wajibu. Akamwambia mama yake haendi. Bibi atakuwapo mwaka ujao. Tena, na hapa Padre husema polepole, alianza kuona haya. Rafiki zake walikwenda kando ya bahari kula aiskrimu. Yeye alirudi kila Agosti ananuka moshi.

Mama hakumlazimisha. Akamwacha kwa shangazi, akaondoka na wadogo.

Walipofika, bibi alisimama mlangoni akawahesabu. Akawauliza kama mwingine yuko nyuma na mizigo. Wakamwambia. Hakusema neno, akaingia ndani kuondoa kikombe kimoja mezani.

Timu ilitolewa siku ya kwanza. Januari ya mwaka 1957 ikaja simu ya maandishi. Baba alikwenda maziko peke yake, kwa kuwa nauli ilitosha mtu mmoja. Kiangazi kilichofuata walikwenda wote kuifunga nyumba. Kijana alikimbia mbele, akafungua mlango, akaenda moja kwa moja mekoni akaingiza mkono katika majivu. Yalikuwa baridi, tena yameloa, mvua ilikuwa imeingia kwa dohani.

Nyumba ile sasa haina paa. Padre aliiona mara ya mwisho alipokwenda likizo mwaka 2009. Mti mdogo umeota mahali pa meza.

Haya yote aliniambia kidogo kidogo, kwa miaka. Lakini mwaka juzi aliniletea shauri. Alitaka kuona jina la bibi yake katika kitabu cha ubatizo. Mtandao wa simu umefika misioni yetu, na ofisini tuna kompyuta ya zawadi ambayo huwaka inapopenda. Alikuwa amesikia kwamba Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka katika intaneti, mwaka 2015, picha za vitabu vya parokia za Kikatoliki za nchi nzima, mpaka yapata mwaka 1880, kila mtu asome bure. Bibi alizaliwa 1878.

Hapa, wasomaji wapenzi, niruhusuni nijivune kidogo kwa ajili ya makarani wote. Ireland ilikuwa na jumba kubwa la nyaraka za serikali katika mji wa Dublin. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba lile lililipuka na kuungua. Hesabu za watu za mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851 zikateketea karibu zote, pamoja na wosia na nyaraka za karne nyingi. Na hesabu zilizofuata, serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Hesabu kamili za kwanza zilizobaki ni za 1901 na 1911. Basi mtu akitafuta mababu zake wa kabla ya hapo atawapata wapi? Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki havikuungua, kwa sababu havikuwa Dublin. Vilikuwa makabatini parokiani, vimeliwa pembe na panya, vimeandikwa kwa wino hafifu. Leo Waamerika na Waaustralia husafiri nusu ya dunia kwa ajili ya mstari mmoja alioandika padre mchovu usiku.

Majuma matatu nilifunua picha moja baada ya nyingine, jioni, umeme ukiwapo. Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wa paroko wetu wa zamani. Lakini nafasi zake nilizijua mara moja: jina la mtoto, la baba, la mama na ukoo wake, wasimamizi, siku. Ni zilezile ninazozijaza kila Jumamosi. Nilijiona kama mtu aliyefika ugenini akakuta chungu cha kwao jikoni.

Jioni moja nikampata. Nikapaza sauti, Padre akaja na fimbo yake, akavaa miwani. Akasoma mstari wa bibi yake, midomo ikicheza. Kisha kidole chake kikashuka mstari wa chini, kikabaki pale. Baba yuleyule, mama yuleyule, siku ileile. Mtoto wa kiume.

"Alikuwa pacha," alisema.

Hakuwa amelisikia jambo hilo maisha yake yote. Mtoto yule alikufa? Alikwenda Marekani? Waliagana kwa mkesha? Tulitafuta katika hesabu ya 1901, hatukumwona. Baba yake Padre amekwisha kufa, dada yake pia. Akakaa kimya, mpaka nikafikiri amesinzia. Halafu akasema, "Kiangazi kile ningalikwenda, nilikuwa mkubwa wa kutosha kuambiwa mambo." Akanishukuru, akaenda kulala bila kula.

Siku chache baadaye binti yangu alikuja ofisini kuniletea chakula. Ana miaka kumi na mmoja. Padre akamtania kwa Kiswahili chake cha Donegal: "Wewe ni wa nani?" Mtoto akajibu bila kusita, "Mimi ni wa karani."

Padre alicheka. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, ni wa karani tu?"

Nilikasirika, nawaambieni kweli. Sikuonyesha, lakini siku ile nilipiga mihuri kwa nguvu. Kwa maana mimi ni Mfipa. Baba yangu yu hai, anakaa kijijini kwetu, siku tatu kwa basi kutoka hapa. Mara ya mwisho nilikwenda mwaka 2016 tulipomzika mama. Binti huyu alikuwa mgongoni kwa mama yake, na mdogo wake wa kiume alikuwa hajazaliwa. Babu yao ni sauti ya simu inayokatika. Watu wakiniuliza mbona siendi, husema nauli. Nauli ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba baada ya maziko ndugu walichanga fedha za kuezeka nyumba ya mzee, nami niliyesoma kuliko wote nikaahidi mabati kumi na mawili, na sikupeleka hata moja. Kaka yangu aliuza fahali. Kila mwaka nilisema nitakwenda nikiwa na mabati. Kila mwaka aibu ikawa nzito zaidi ya nauli.

Jioni nilimweleza mama watoto. Yeye alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza, "Mzee wako ana miaka mingapi?" Nikaona sijui sawasawa. Mimi ninayejua siku ya kuzaliwa ya watu elfu sita!

Tuliuza mbuzi wawili na tukakopa kidogo. Mwezi Juni shule zilipofungwa tukaondoka, kwa Dodoma, Iringa, Mbeya, mpaka Sumbawanga, kisha nyuma ya lori dogo la mahindi. Njiani niliwafundisha watoto kujibu: wewe ni fulani, wa fulani, wa fulani, wa fulani. Abiria wengine walidhani nafundisha Litania.

Tukakuta ulezi unavunwa. Mzee alikuwa ameketi juani, amekonda, kofia ileile. Sikujua niseme nini kwanza, habari za safari au habari za mabati. Nikapiga magoti nikamwamkia tu. Hakunitazama sana. Akamwita mtoto wa kike karibu, akamshika kidevu.

"Wewe wa nani?"

Sikuwa nimemwambia mzee habari za Padre. Ni swali lake mwenyewe, nilikuwa nimelisahau. Binti akasimama wima akataja majina manne. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa.

"La nne si hilo. Huyo ni ndugu yake. Nani amekufundisha?"

Mtoto akanionyesha mimi.

Basi jioni ile, msomaji mpenzi, karani wa parokia alikaa chini pamoja na watoto wake kurekebishwa vizazi. Mzee alitaja saba. Mwanangu mdogo akaviandika katika daftari la hesabu, na habari moja moja: huyu alichukua mzigo wa mapadre kutoka ziwani, huyu aliliwa na simba, huyu alikuwa mvivu lakini aliimba vizuri. Kuhusu huyo mvivu mzee alinitazama.

Na kaka yangu tulizungumza siku ya tatu, shambani, yeye akinionyesha matuta yao ya duara yaliyofukiwa majani kama walivyolima mababu. Hayajaisha yote. Mabati mawili nimekwisha kuyatuma, na mengine nimeandika katika daftari langu mwenyewe, si katika kichwa. Lakini tulikula sahani moja, na watoto wake na wangu walilala mkeka mmoja wiki tatu, hata kurudi wangu wakawa wanasema Kifipa cha matusi kwa ufasaha.

Tuliporudi misioni, Padre alikuwa amelala mgonjwa wa kifua. Nikampelekea watoto wamsalimu. Alitaka kusikia yote, kuku wangapi, kisima kiko wapi, mzee anavuta tumbaku gani. Binti akamtajia majina saba kwa pumzi moja, naye akamsahihisha matamshi, ingawa Kifipa hakijui.

Kisha akamvuta yule mdogo karibu na kitanda, akamwuliza moto wa babu yake unanukaje. Mtoto akafikiri. Akainua mkono wa sweta lake, ambalo mama yake alikuwa bado hajalifua, akampa Padre anuse.